Magauni saba mezani, hata moja halijakunjwa pindo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, nipo Morogoro. Nakata gauni, uzi unaisha, naenda dukani, njiani nakutana na vitambaa vipya, narudi saa kumi bila uzi. Wateja wanasubiri sare za harusi, mimi nimekaa nashona mfuko wa simu. Mume ananiita mvivu, mama mkwe anasema nimerogwa. Juzi daktari kasema mwanangu wa miaka 8 ana ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo. Maswali yote aliyoniuliza juu ya mtoto, nikajiona mimi tangu darasa la pili. Mtu mzima anaweza kuwa nayo?*

Marahaba mwanangu. Anaweza, na wazazi wengi hugundua hivyohivyo, wamempeleka mtoto wakajikuta wenyewe kwenye maswali. Hali hii hufuata damu. Mvulana anayeruka juu ya madawati huonekana upesi. Msichana aliyekaa kimya huku mawazo yako Zanzibar huambiwa tu “hujitumi”.

Lakini usijipe jibu mwenyewe. Daktari atataka kujua kama dalili zilianza kabla hujafika miaka 12, na kama zinakusumbua kwingine zaidi ya kazini. Muulize mama yako, tafuta ripoti zako za shule. Atachunguza pia usingizi wako, tezi ya shingo na sonona, maana navyo huvuruga umakini. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie afya ya akili. Wakikupa rufaa ya Muhimbili, au Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, nenda. Najua jina la Mirembe watu wanavyolitania. Wewe panda basi.

Na nakusihi, kama mtoto kapewa dawa, usiionje. Dawa za watu wazima zipo na huwasaidia wengi, ila nyingine hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo hupimwa kwanza.

Sasa cherehani. Kosa lako ni kukiamini kichwa kikutunzie kazi. Kila kitambaa kikiingia, kibanie karatasi kwa pini: jina, tarehe, advansi aliyotoa. Usishike mkasi mpaka uzi, zipu na bitana viwe mezani. Magauni mawili tu yaning'inie mbele yako, mengine yafunge kwenye mfuko uweke juu ya kabati, usiyaone. Mteja akiuliza lini, hesabu siku unazodhani zitatosha kisha uzidishe mara mbili. Atanuna, lakini atanuna mara moja. Kama unaweza, chukua binti anayejifunza ushonaji akae pembeni yako. Hata asipojua kupachika zipu, wengi wenye hali hii hutulia wakiwa na mtu karibu anayefanya kazi. Simu ikae chumba kingine.

Mumeo nenda naye kliniki, ayasikie kwa daktari. Ukimwambia wewe atasema umejitafutia kisingizio. Mama mkwe usibishane naye habari za kurogwa, mshonee dera lake ulimalize.

Hizo sare za harusi hukuniambia ni za lini. Kama ni wiki hii, acha kusoma sasa hivi, mpigie bibi harusi umwambie zimebaki ngapi, kisha mpigie fundi mwenzako mgawane kazi na pesa.