Ana Miaka Tisa, Mwalimu: Maswali Yenu Kuhusu Watoto wa Kimo Kifupi

Binti yangu ana miaka 11 na ana akondroplasia, aina ya ufupi inayotokea mara nyingi zaidi kuliko nyingine: mikono na miguu mifupi, kiwiliwili cha kawaida, kichwa kikubwa kidogo. Tangu niseme hivyo hapa, simu yangu haijapumzika. Leo najibu matano.

Mwanangu ana miezi 7 na hajakaa. Mavyaa humuegemeza mito, na akitoka naye humfunga mbeleko. Nikikataa naambiwa nina kiburi. (Mama, Kisauni)

Kiburi hicho kishike, mama. Watoto hawa kichwa ni kizito na mgongo bado mlegevu. Wengi huchelewa kukaa, wengine hadi wapite mwaka, na kutembea mara nyingi huja kati ya miezi 18 na 24. Ukimkalisha kabla hajawa tayari, mgongo hujikunja na kibyongo huanza. Mbeleko nayo ni vivyo hivyo: leso humpinda mgongo, kichwa kikabaki kinaning'inia. Akiwa macho mlaze kifudifudi mkekani. Ukimbeba, kiganja kimoja kiwe nyuma ya shingo, kingine matakoni. Kwangu mimi bibi yake alinuna wiki nzima. Nikamchukua kliniki akamsikie daktari kwa masikio yake, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza wenye mito.

Kubwa zaidi ni usingizi. Tundu la chini ya fuvu, unamopita uti wa mgongo, kwa watoto hawa huwa jembamba, na likiubana uti, pumzi huweza kukatika usingizini. Akikoroma sana, akikata pumzi halafu akashtuka, au utosi ukifura, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Kwetu hakuna mfupi, wala kwa mke wangu. Nina miaka 46. Barazani wanasema mtoto si wangu, mamangu anasema ni jini. (Baba, Changamwe)

Katika kila watoto 10 wenye akondroplasia, kama 8 wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Ni badiliko dogo kwenye jeni moja, FGFR3, na likizuka upya kwa kawaida huanzia kwenye mbegu ya baba. Uwezekano huongezeka baba akisogea umri. Kwa hivyo hao wa barazani wakitaka kunyoosha kidole, wasimnyooshee mkeo. Wala wewe huna kosa. Waambie hivyo, kisha rudi nyumbani mapema. Mkeo ameyasikia maneno hayo hayo.

Tukingojea feri Likoni, watu humpiga picha, wengine humshika kichwa. Nijibu vipi? (Mama, Likoni)

Binti yangu alipokuwa na miaka 5, hapo hapo kwenye foleni, mama mmoja alimtia shilingi 20 mkononi, akaniambia pole, akapita. Nilisimama nimeganda, machozi yakinilenga. Yeye akaniuliza kama anaweza kununua mabuyu. Tukanunua, vidole vikawa vyekundu mpaka ng'ambo.

Siku hizi wa picha namwambia waziwazi aifute, na nasimama mpaka aifute. Mtoto mdogo anayeuliza "mbona mfupi?" simkemei; namjibu kwamba mifupa yake hukua polepole. Wazazi wanaomziba mwana wao mdomo ndio wanaomfundisha kuwa pana jambo la aibu.

Nina mwanafunzi wa miaka 9. Walimu wenzangu humbeba juujuu na kumwita toto. Yeye hucheka tu. (Mwalimu, Mikindani)

Anacheka kwa sababu nyinyi ni walimu. Mwulizeni faraghani. Ana miaka 9 na akili za miaka 9. Mtoto mwingine wa darasa lake hamumbebi. Jina lake linatosha, si toto, si mbilikimo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kuitwa kwa heshima. Kisha tazama miguu yake: ikining'inia dawatini inakufa ganzi, basi mtafutie kigoda. Komeo la choo je, analifikia? Michezoni asipinduke kichwangomba wala kugongana na wenzake, kwa ajili ya shingo. Kuogelea ruhusa, na bahari iko hapo.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka 6. Kuna dawa ya kumrefusha? Na ataolewa? (Bibi, Mji wa Kale)

Shikamoo, bibi. Mafuta na mizizi, hapana. Ipo sindano ya kila siku, vosoritaidi, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2021. Huongeza kama sentimita 1.5 kwa mwaka wakati mifupa ingali inakua, na ni ghali mno. Kuolewa, wanaolewa na wanazaa, kwa kawaida kwa upasuaji kwa kuwa nyonga ni nyembamba. Mume akiwa wa kimo cha kawaida, kila mtoto huwa nusu kwa nusu: huenda akarithi, huenda asirithi. Lakini bibi, miaka 6! Mwache amalize juzuu ya kwanza.