Usianze na mchanga wa ziwani

Vijana wa klabu za sayansi hapa Mwanza hunijia na ndoo ya mchanga wa ziwani, wakitaka uwe udongo wa kuigiza wa mwezini, wa kujaribia kigari chao cha mfano wa vile vinavyotembea mwezini. Siwalaumu, mimi nilianzia hapohapo. Nilichota mchanga Luchelele, kigari kikapita bila shida, tukashangilia. Kisha nikauweka chini ya hadubini.

Chembe zilikuwa za mviringo, zimelainishwa na mawimbi. Mwezini hakuna maji wala upepo wa kuzisugua. Udongo wake umepondwa na vimondo, chembe zake zina makali kama vigae vya chupa, na nyingine zimeyeyuka zikagandamana kwa kioo. Tena mchanga wetu umetokana na graniti, jiwe lilelile la Bismarck, mwamba wetu maarufu wa ziwani, lililojaa kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo, na mwezini kwatzi ni adimu mno.

Tafuta basalti, jiwe jeusi la volkano. Madoa meusi unayoyaona mwezi ukiwa mpevu ni basalti. Yangu ililetwa kwa basi na shemeji yangu wa Arusha. Mwambie atakayekuletea achague jiwe jeusi, bichi, lisilogeuka jekundu kwa kuliwa na mvua. Asikuletee la Ol Doinyo Lengai, hata likivutia kwa jina: lava ya mlima ule ni ya kabonati yenye sodiamu nyingi, na mwezini haipo. Wamarekani walipotengeneza JSC-1, udongo wao wa kuigiza wa mwezini, miaka ya 1990 walichukua majivu ya volkano ya Arizona, kwa sababu yana kioo kingi.

Kwenye kuponda, utashawishika kulipeleka kwenye karasha la wachimba dhahabu. Usifanye hivyo. Litarudi na mabaki ya mawe ya watu, vipande vya chuma, pengine na zebaki. Ponda kwa nyundo ndani ya gunia nene, umalizie kwenye kinu cha chuma. Vaa barakoa muda wote, watoto wakae mbali. Vumbi lile linaingia mapafuni, na hili silifanyii mzaha. Chekecha mpaka karibu nusu ya uzito iwe chembe ndogo kuliko maikromita 70 hivi, yaani unene wa unywele. Ukiacha chenga tupu utakuwa na kokoto tu.

Halafu likaushe kwenye oveni na ulifunge kwenye ndoo yenye mfuniko mara likipoa. Hewa ya ziwa letu ina unyevu mwingi, na unga unaonyonya unyevu hushikamana kwa namna nyingine kabisa. Nilipoteza vipimo vya wiki nzima kwa kuacha ndoo wazi.

Kwa magurudumu na koleo, unga huo unatosha. Kwa mimea, nenda polepole. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipanda mmea mdogo, Arabidopsis, kwenye udongo halisi wa mwezini ulioletwa na safari za Apollo na kwenye JSC-1A, toleo la baadaye la JSC-1. Mbegu ziliota kote kuwili, lakini mimea iliyokuwa kwenye udongo wa mwezini wenyewe ilidumaa. Basi mchicha ukistawi kwenye ndoo yako, andika kwamba umestawi kwenye basalti ya Arusha.