Umefunga siku 21? Niambie kwanza sado yako ikoje

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Mama, nimefunga siku 21, sadaka nimetoa, mbona mambo hayafunguki? Nakosea wapi?" Nilikaa na swali lake siku tatu, maana lilinirudisha mahali nisipopenda kurudi.

Nauza maharage sokoni hapa Mbeya, mwaka wa 14 sasa. Mnaopima kwa sado, lile kopo la kupimia, mnanielewa. Nilikuwa nazo mbili, zote za bati. Ya kununulia kwa wakulima ilikuwa imegongwa kwa ndani mpaka ikavimba tumbo. Ya kuuzia ilikuwa imebonyezwa kitako. Ukiigeuza, ngumi inaingia. Kila sado iliniachia konzi mbili. Ukiuza ishirini, umebaki na karibu sado nzima ya watu. Nilikuwa napima haraka huku namtania mteja, ili aniangalie usoni asiangalie mikono.

Na Jumapili niko kwaya, sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Kanisa lilipoanza kujenga niliahidi mifuko 20 ya saruji, nikaimaliza kabla ya wazee wenyewe. Nikapigiwa vigelegele. Nilivipenda mno.

Neno likanikuta kwenye ibada ya katikati ya wiki, 1 Samweli 15. Mfalme Sauli aliagizwa asibakize kitu cha Waamaleki. Akambakiza mfalme wao Agagi, na kondoo na ng'ombe walionona. Nabii Samweli anafika, Sauli anamlaki kwa kujisifu kwamba ametimiza amri ya Bwana, huku kondoo wanalia nyuma yake! Alipobanwa akawasukumia watu: wao ndio waliowaacha, wamtolee Bwana dhabihu. Ndipo akaambiwa, "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Nilitoka pale nasikia saruji yangu inalia.

Lakini sikutii. Miezi minne nzima nilikuwa namwambia Mungu kwamba soko zima linafanya hivyo, na ada ya watoto nitaitoa wapi. Nilikuwa Sauli mwenyewe, nasingizia watu. Mpaka jioni moja nikamkuta mwanangu wa darasa la tatu anacheza duka uani, anapima mchanga kwa kopo la maziwa. Kopo kalibonyeza kitako.

Nilikaa chini palepale.

Kesho yake nilinunua sado mpya, moja tu, ya kununulia na kuuzia. Torati inakataza vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo (Kumbukumbu la Torati 25), nami nilikuwa navyo vyote. Kisha nikamkumbuka Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, nikampelekea sado tano mama ntilie aliyekuwa mteja wangu wa miaka mingi, nikamweleza ukweli. Alizipokea, na hajanunua kwangu tena. Mpaka leo tukipishana ananipa mgongo. Wenzangu wa sokoni wakasema nimewaanika, na kati yao wamo tuliokuwa tunasali pamoja. Inauma, sitawaficha.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu, tuuache. Leo kuna shule inachukua magunia 10 kila muhula kwangu, na mpishi wao hajawahi kurudia kupima.

Wapendwa, Mungu hahongwi. Hahongwi kwa mfungo, wala kwa saruji. Soma Isaya 58: watu walilalamika vilevile kama dada yangu huyu, mbona tumefunga nawe huoni? Wakajibiwa kwamba siku hiyohiyo ya mfungo wanawalemea wanaowafanyia kazi. Tunazunguka kutafuta unabii mpya, na neno la mwaka juzi hatujalitii! Tii lile unalolijua tayari. Ukishalijua, tii leo, usikae miezi minne kama mimi. Yesu alisema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Hakusema mtaziimba.

Basi dada yule nilimjibu kwa swali moja: nani anakudai? Alisoma, akanyamaza siku mbili. Jana usiku akajibu, na ameniruhusu niandike. Binti wake wa kazi hajalipwa mshahara miezi mitano. Ndiye aliyekuwa akimpikia uji wa kufungulia, siku zote 21.