Weka pasipoti mfukoni kabla ndege haijaanza kushuka

Ndege niliyopanda ilitua kwenye mvua kubwa, ikapitiliza mwisho wa njia ya kutulia na kukwama kwenye matope. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Kinachonirudia hadi leo si ule mshindo, ni bwana mmoja aliyekuwa mbele yangu akivuta begi kutoka kabati la juu. Mkanda wa begi ulinasa. Nyuma yetu watu wamesongamana, harufu ya mafuta imetanda, mhudumu anapaza sauti: "Acheni mizigo! Tokeni!" Yule bwana akavuta mara tatu ndipo begi likatoka.

Simlaumu. Pasipoti, pesa na dawa zake huenda zote zilikuwa humo, na mtu aliyeshikwa na hofu hukimbilia kile anachokijua. Kwa hiyo kumwambia abiria "acha begi" hakutoshi. Begi liwe halina kitu cha kurudia. Mimi sasa, rubani akitangaza tu kwamba tunaanza kushuka, nahamishia pasipoti, simu na vidonge vyangu kwenye kipochi cha kiunoni. Viatu navaa na kufunga kamba. Kisha nahesabu viti hadi mlango wa dharura ulio karibu, wa mbele na wa nyuma, kwa kugusa, maana kwenye moshi macho hayasaidii.

Ndege kubwa ya abiria haipewi kibali hadi ithibitike kwamba wote waliomo wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Katika sekunde hizo hakuna nafasi ya kuvuta begi mara tatu. Tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto kwenye mvua ya radi, ikagusa ardhi ikiwa imeshamaliza zaidi ya theluthi ya njia, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Watu wote 309 walitoka hai, ingawa wapo waliotoka na mizigo mikononi. Moto ungewahi kidogo tu, sijui tungekuwa tunasimulia nini.

Jambo jingine ni subira. Njia ikijaa maji, matairi huelea na breki hazishiki. Upepo ukisukuma kutoka nyuma, au ndege ikichelewa kugusa ardhi, njia iliyobaki huwa fupi mno. Ndiyo maana rubani mwingine hukaribia kabisa kutua, kisha akaongeza nguvu ya injini na kupaa tena. Tumbo linashtuka, najua, na pengine mtaishia kutua mji mwingine. Safari iliyopita ilitutokea hivyo, na dada wa kiti cha jirani akaanza kulia. Nilimshika mkono nikamwambia, "Ameona njia haitoshi, dada, amekataa. Huyu anatufaa."