Swali la lugha: "Kingamwili" na "kinga ya mwili" ni kitu kimoja?

Swali: Ninaandika makala kuhusu ugonjwa wa Chagas. Niliandika: "Kingamwili huwasaka vimelea ndani ya seli za moyo na kuzilinda." Mhariri amefuta "kingamwili" akaweka "kinga ya mwili". Si maneno yaleyale?

Jibu: Siyo, na kwa ugonjwa huu tofauti hiyo inagusa sayansi yenyewe.

Kinga ya mwili ni ulinzi wote tulio nao. Ndiyo kinga iliyomo katika jina UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kingamwili ni silaha moja tu ya ulinzi huo, protini yenye umbo la herufi Y ambayo hutokana na seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) na kunasa kimelea kilicho nje ya seli, kwa mfano kwenye damu. Kimelea cha Chagas, Trypanosoma cruzi, ambacho Carlos Chagas alikitambua nchini Brazili mwaka 1909, hujipenyeza ndani ya seli za misuli ya moyo na kuzaana humo siku kadhaa mpaka seli ipasuke. Kikishaingia humo, kingamwili haikifikii. Ungekuwa unaandika juu ya malale, ambayo vimelea vyake hukaa nje ya seli, neno lako lingekaribia ukweli zaidi.

Ndani ya moyo kazi ni ya seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu. Seli iliyovamiwa huonyesha vipande vya kimelea kwenye utando wake. Seli T za aina ya CD8, yaani zile zinazoua, huvitambua, kisha huiua seli hiyo. Pia hutoa intaferoni gama, protini ya kupeleka ishara, ambayo huchochea makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) kutengeneza oksidi ya nitriki inayoua vimelea. Kwa hiyo hata "kuzilinda" hakujakaa sawa: seli iliyokwisha kuvamiwa huuawa ili jirani zake zinusurike. Kinacholindwa ni moyo.

Tena ulinzi huo una breki. Seli ya moyo ikifa, mahali pake kwa kawaida hubaki kovu, na mashambulizi yakizidi moyo huumia kwa mikono ya walinzi wake. Interlukini 10, protini nyingine ya kupeleka ishara, ni miongoni mwa vinavyoyapunguza mashambulizi hayo. Misuli ya moyo ikivimba kwa mashambulizi hayo, waandishi wengi husema "uvimbe wa moyo", na msomaji anawaza jipu au saratani. Tumia kitenzi: "misuli ya moyo kuvimba".

Ukitaka kitenzi "kukinga", angalia kinachokifuata. Mwavuli hukukinga na mvua. Lakini tukikinga maji ya mvua, tunayapokea kwenye ndoo. "Kukinga vimelea" kunaweza kusomeka kinyume cha ulichokusudia. Andika "kuukinga moyo dhidi ya vimelea".

Mhariri wako ameacha jambo moja la kuangalia: "huwasaka". Kimelea kimetokana na kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine, na upatanisho ninaoupendekeza ni wa ki-/vi-: kimelea kinaingia, vimelea vinazaana, seli T huvisaka. Wapo wanaotumia a-/wa- kwa kuwa ni viumbe hai. Ukichagua njia hiyo, usiichanganye na nyingine katika makala moja.

Sentensi yako basi iwe: "Seli za kinga ya mwili husaka seli za moyo zilizovamiwa na vimelea na kuziua, ili kuukinga moyo."

"Kingamwili" usilitupe, utalihitaji kwenye sehemu ya vipimo. Ugonjwa ukishakuwa sugu, vimelea huwa vichache mno kwenye damu kuonekana kwa hadubini, hivyo maabara hutafuta kingamwili, kwa kawaida kwa vipimo 2 vya aina tofauti. Hapo usiandike kwamba aliyekutwa na kingamwili "ana kinga". Jibu hilo linaonyesha kwamba mwili umekutana na kimelea, na kwa Chagas ambayo haijatibiwa maana yake kwa kawaida ni kwamba kimelea bado kimo.