Gari lililoegeshwa ndilo lisogee

Ndugu wahariri, wiki hii mmeuliza: barabara ya mji ikiwa nyembamba na wanaoihitaji ni wengi, nani apunguziwe nafasi? Nina duka dogo Birere, hapa Goma, na jibu langu ni gari lililoegeshwa.

Wengi hapa wangewataja wamama wanaouza chini. Nakataa kabisa. Mama wa nyanya na beseni lake hachukui hata meta moja ya mraba. Gari dogo likisimama linakula kama kumi, kutwa nzima. Lakini siku ya kusafisha barabara, beseni ndilo linapinduliwa.

Mji wetu umebanwa. Kusini ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda, kaskazini volkano ya Nyiragongo. Umebaki upande wa magharibi tu, wa kwenda Sake. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na barabara tukazitengeneza upya juu ya mawe yake. Kuzipanua leo ni kubomolea watu nyumba. Basi tugawane tulichonacho.

Wanaogawa wamtazame kwanza mtu wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Anashuka toka Kibumba na magunia ya viazi na kabichi, mamia ya kilo juu ya mbao na magurudumu mawili madogo. Breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyagia gurudumu la nyuma, kwa hiyo hawezi kusimama ghafla. Akikuta gari ukingoni, anaingia katikati kwenye pikipiki. Motari naye anamkwepa na kuwavamia wanaotembea kwa miguu. Nimeona viazi vikimwagika hivyo na mtoto wa shule akitumbukia kwenye mtaro. Watu walimtukana wa chukudu. Mwenye gari hakuwapo. Inaniuma, maana chukudu tumeichongea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye ronpwe, pale magari yanapozunguka, na anayeisukuma tunamnyima meta mbili za lami.

Mimi ningegawa kwa masaa. Toka alfajiri mpaka saa nne asubuhi, upande mmoja wa njia zinazoingia Birere na soko la Virunga uwe wa chukudu na wanaopakua mizigo, gari lisiegeshwe hapo hata kidogo. Baada ya saa nne upande huohuo wapewe wamama, na rangi ichorwe chini kuonyesha beseni liishie wapi. Kati ya beseni na milango ya maduka ibaki njia ya miguu, na mtaro usizibwe.

Wenzangu wenye maduka wanaogopa kupoteza wateja wa magari. Mimi wateja wangu karibu wote wanatoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, kwa miguu, mzigo kichwani, na ndio wanaoshindwa kufika mlangoni kwa sababu ya magari hayo. Mwenye gari aegeshe mtaa wa nyuma, atembee.

Na siku ya kuchora hiyo mistari, wamama waitwe. Wao ndio wanajua nyanya zinafika saa ngapi.