Tochi Zenu Ziko Wapi?

Wanangu mlioanza zamu Malindi, nimepekua mafaili ya wagonjwa wa kemo, yaani dawa za saratani, ambazo huchimba vidonda kinywani, na karibu kila ukurasa unasema: "Mdomo: sawa." Sawa kwa ushahidi wa nani? Mgonjwa kavaa barakoa, nyinyi mmesimama miguuni pa kitanda, tochi imelala kwenye droo. Mkiendelea hivi nitawagawia tochi kama halua ya maulidi.

1. Angalieni midomo, mashavu kwa ndani, chini ya ulimi, kaakaa na fizi. Meno bandia yatoke kwanza.

Hili la meno lilinitia adabu. Tulikuwa na bibi mmoja, mtu wa heshima zake, buibui na nikabu. Nutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, zilikuwa zimeshuka. Nikamwuliza mbele ya wanafunzi wa kiume, "Bibi, mdomo haukusumbui?" Akajibu, "Alhamdulillahi." Nikaandika sawa. Nani asiyejua kwamba huku kwetu alhamdulillahi hujibiwa hata nyumba ikiwaka moto? Kila asubuhi nikauliza, nikajibiwa, nikaandika. Uji ukawa unarudi jikoni haujaguswa. Nikasema ni kichefuchefu, nikamwongezea dawa ya kuzuia kutapika. Binti yake ndiye aliyenivuta kando: "Mama anaona haya kutoa meno mbele ya wanaume."

Nikawatoa vijana, nikavuta pazia, nikampa kibakuli. Meno ya juu yalikuwa yamenasa. Yalipotoka yalikuja na utando mweupe, na kaakaa lote chini yake ni jekundu, kando ya fizi pana kidonda kilichochimbwa na ukingo wa meno yenyewe. Usiku ule homa ikapanda. Alipona, lakini mzunguko uliofuata wa kemo ukacheleweshwa, na kosa lilikuwa langu. Hakunilaumu. Aliniombea dua, na afadhali angenitukana.

Kwa hiyo pazia kwanza, halafu kibakuli, halafu tochi. Na kama mgonjwa ni mwanamke mtu mzima, wewe kijana mwite dada mwenzako.

2. Kusukutua ni maji ya chumvi na bikaboneti. Bikaboneti, si magadi ya kupikia maharage! Yale ni makali. Dawa za dukani zenye spiriti waziache. Anayeogopa kufungua saumu mkumbusheni kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwamba kila akitawadha anasukutua hata hivyo. Mpangieni ratiba hapo hapo.

3. Pleteleti, chembe zinazogandisha damu, zikishuka, msuaki wa mti uwekwe pembeni, atumie mswaki laini. Mafuta ya karafuu juu ya kidonda, hapana. Ndugu watakuja na achari, ukwaju na mabuyu ya pilipili: pokeeni kwa adabu, wekeni mbali.

4. Wanaokwenda Nairobi au India kupandikizwa seli shina, zile zinazozaa damu, kwa melfalani, dawa kali ya kemo, watayarisheni kwa habari ya barafu. Wataambiwa waimumunye kabla dawa haijaanza kuingia, inapoingia na baada yake. Baridi hubana mishipa midogo, dawa ikafika kidogo kwenye ngozi ya kinywa, na kwa kuwa melfalani haikai sana mwilini, ujanja huo unafaa. Asipoelezwa mapema, mtu aliyelelewa akiambiwa barafu inaleta kikohozi ataitema nesi akigeuka.

5. Vidonda havitoki siku ya dripu. Mara nyingi huanza kati ya siku ya 5 na ya 10 baada ya kemo, wakati nutrofili nazo zinaporomoka. Nimemsikia mmoja wenu akimpongeza mgonjwa siku ya 3 kwamba amevuka salama. Amevuka wapi? Akifika daraja la 3 la kipimo cha vidonda vya kinywa cha WHO, Shirika la Afya Duniani, anakunywa tu, chakula kigumu hakipiti. La 4, hata kunywa hawezi. Hapo msimfanyie ubahili wa mofini, dawa kali ya maumivu.

6. Aliyepandikizwa seli shina za ndugu yake, akaja miezi baadaye na michirizi myeupe inayokatana mashavuni, msikimbilie nistatini, dawa ya fangasi. Pangusa kwa shashi. Utando wa fangasi mara nyingi hutoka. Michirizi isiyotoka yaweza kuwa seli za ndugu zinaushambulia mwili wa mwenyeji. Wapigieni waliompandikiza siku hiyo hiyo, na muwe mmeshamwuliza kama kinywa kinamkauka, maana hilo ndilo swali lao la kwanza.